Rundo la Mchanga na Kufuli ya Mwenye Nyumba

Walisema sitamweza. Walisema Rwamgasa yote hajazaliwa mpangaji wa kumpeleka mwenye nyumba wake barazani akarudi na kitu zaidi ya vumbi kwenye viatu. Muuza vocha aliyekaa mkabala na geti langu alisema nitaishia kuuza spana zangu nipate nauli ya kurudi kwetu. Fundi mwenzangu wa kuchomelea, ambaye tulikuwa tukinyang'anyana wateja, alisema mbele ya watu, "Huyu ana diploma ya nati na boliti. Ya sheria ataiazima kwa nani?" Watu wakacheka, na mimi nikawaangalia mmoja mmoja nipate kuwakumbuka. Hata mjomba wangu wa Shinyanga mjini aliniambia kwenye simu nikamwombe radhi mzee wa watu, nichukue vyombo vyangu, nitafute kiwanja kingine. Nilimuuliza radhi ya kosa gani. Akasema, "Kosa la kukosana na mwenye mali."

Ninaandika haya wayasome. Wengi wao wapo bado, na macho wanayo.

Nilizaliwa Didia, katika nyumba ya udongo, nikachunga ng'ombe wa watu kabla sijajua kushika kalamu. Nilisoma kwa kuuza mkaa na kwa kuchimba visima vya wenzangu, mpaka nikapata stashahada ya uhandisi wa mitambo. Sikupewa na mtu. Kisha nikaenda Zambia, nikakaa miaka kwenye karakana za mikoa ya shaba, nikitengeneza mitambo ya kusagia mawe ambayo mtu akisimama kando yake anaonekana kama kuku. Wenzangu waliorudi kutoka nje walirudi na viatu vyenye ncha na spika za kutikisa mtaa. Mimi nilirudi na sanduku la zana ambalo konda wa basi alishindwa kulinyanyua, na kichwa kilichojua kitu ambacho Rwamgasa walikuwa wanakihitaji.

Rwamgasa watu wanachimba mawe yenye dhahabu, wanayabeba kwenye viroba, wanayapeleka kusagwa kwenye karasha. Karasha ni pipa nene la chuma lenye mipira ya chuma ndani. Injini inalizungusha mpaka mawe yanakuwa unga. Niliyoyakuta yalikuwa yanapiga kelele kama yanalia, yanakula dizeli, na yanaacha mawe nusu. Nikatengeneza langu kwa mikono yangu, kwa vyuma chakavu, na mahesabu yake niliyachora sakafuni kwa chaki. Lilisaga kwa nusu ya mafuta ya wengine. Wachimbaji waliovuka mji mzima na viroba vyao kuja kwangu hawakuja kwa sababu ya sura yangu.

Kiwanja nilipanga kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na nyumba nyingi za kupangisha. Kilikuwa uwanja mtupu wenye ukuta na geti, banda bovu upande mmoja, na mbele, upande wa barabara, fremu ndogo aliyompangisha mama mmoja wa chai na chapati. Tulipatana kwenye benchi la mama huyo. Mzee alitaja kodi ya mwezi, mimi nikatoa ya kuanzia, tukapeana mikono, mama akatumiminia chai na akasema, "Basi mimi ndiye shahidi, na shahidi halipwi kwa maneno, nunueni chapati." Tukanunua. Hatukuandikishana. Pale hakuna aliyekuwa akiandikishana, na aliyedai karatasi alionekana anamwita mwenzake mwizi.

Kuna desturi moja ambayo mtu wa mbali lazima aielewe. Mwenye mawe akishasaga kwangu, anaosha unga wake palepale uwanjani, anachukua dhahabu anayoiona, anakwenda zake. Ule mchanga uliooshwa unabaki. Unaitwa marudio, na ni wa mwenye karasha. Ndiyo sehemu ya malipo yake. Ndani yake bado kuna dhahabu ambayo maji hayawezi kuitoa, isipokuwa dawa za wenye mitambo mikubwa. Kwa hiyo mwenye karasha mwenye akili hautupi mchanga wake. Anaulimbikiza, anangoja.

Mimi nililimbikiza. Rundo langu lilianza kama kichuguu nyuma ya banda, likafika dirishani, likafika kwenye paa, mwisho ukisimama barabarani unaliona juu ya ukuta. Wakati huo mzee alikuwa akipita kuchukua kodi yake na kuondoka bila hata kulitazama. Kwake yeye, mtu wa ng'ombe, lilikuwa takataka. Kuna mwezi wa kiangazi wachimbaji walikuwa wameishiwa maji kwenye mashimo yao ya kuoshea na kazi ilikuwa imelala. Alipokuja nilimwambia ukweli, mzee, mwezi huu mkono mtupu, nivumilie. Akakuna kidevu, akasema amesikia mchanga huu una watu wanaununua. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nimpe tripu moja ya mkokoteni badala ya kodi. Tukapatana hivyo, kwenye benchi lilelile. Alikuja mwenyewe na ng'ombe wake wawili na mkokoteni, akachagua mwenyewe upande wa rundo anaoutaka, akachota kwenye karai akaosha kidogo akatazama, akaridhika, akapakia.

Halafu akaja mnunuzi kutoka Geita mjini. Alikuwa mtu mwenye mtambo wa dawa. Alichukua sampuli sehemu mbalimbali za rundo, akaondoka, akarudi baada ya wiki akiwa na uso wa mtu anayejaribu kutoonyesha furaha. Alitaja bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu haimhusu mtu. Itoshe kusema kwamba ningeweza kununua kiwanja changu mwenyewe. Alipima rundo kwa kamba, hatua kwa hatua, mchana kweupe. Muuza vocha aliona. Akiona muuza vocha, ameona mji.

Asubuhi yake nilikuta kufuli mpya kwenye geti, kubwa kama tofali. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mama, fimbo mapajani, ananisubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, kiwanja nakihitaji. Mwanangu anaoa, nataka nimjengee."

"Mwanao si alioa mwaka jana? Tulikula pilau yake hapa."

"Anaoa tena."

Mama wa chai aligeukia sufuria lake haraka, nikaona mabega yanamtikisika.

"Sawa," nikasema. "Mpe mke wa pili. Nipe muda nihamishe mashine yangu na mchanga wangu."

"Mashine utapewa ukimaliza deni la kodi."

"Deni lipi?"

"Hujawahi kunilipa kodi sawasawa. Na mchanga ni upi huo? Mchanga uko juu ya kiwanja cha nani?"

"Chako."

"Basi umejijibu mwenyewe, ng'wanawane." Alisema neno hilo, mwanangu, kwa upole kabisa, akanyanyuka, akaondoka na fimbo yake.

Ndipo niliposema nitampeleka barazani, na ndipo waliposema waliyosema.

Kwanza tulikwenda baraza la kata, ambalo kazi yake ni kupatanisha. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, wakatuambia sisi ni watu wa nyumba moja, tuelewane. Mzee alisema yuko tayari kuelewana: nichukue mashine, niache mchanga. Nilisema na mimi niko tayari kuelewana: afungue geti, anyamaze. Tukarudia hivyo mpaka wajumbe wakachoka, wakatuandikia karatasi kwamba upatanisho umeshindikana. Bila karatasi hiyo baraza la wilaya halikupokei. Niliikunja nikaiweka mfukoni, na jirani aliyeniona nikitoka alinipa pole, akidhani nimeshindwa.

Sasa lazima niwataje walionikopesha, kwa sababu mtu asidhani nilipigana kwa mdomo mtupu. Mashine yangu ilikuwa nyuma ya kufuli, zana zangu zote nyuma ya kufuli, na kesi iko Geita mjini, nauli kwenda na kurudi, ada ya kufungua maombi, kuchapisha, kurudufu.

Wa kwanza alikuwa mama wa chai. Alinilisha asubuhi na jioni kipindi chote cha kesi na hakuniuliza nitalipa lini. Nilipomwambia nitamlipa kila kikombe, alijibu, "Kula bwana. Mtu mwenye njaa atamshinda nani?"

Wa pili hamtamwamini. Ni yule fundi mwenzangu, mwenye maneno ya diploma. Alikuja akiniburutia mashine ya kuchomelea, ya akiba, nyaya zimefungwa kamba. "Chukua, fanyia kazi chini ya ule mti wa barabarani. Siyo kwamba nakupenda," akasema. "Nataka nione hii sinema mpaka mwisho, na ukifa njaa katikati itakatika." Niliichukua. Nilichomelea mageti ya watu na vitanda vya chuma mchana, na siku ya kesi niliamka na wanaokwenda sokoni.

Wa tatu alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kule Didia. Nilikwenda kwake kumwamkia tu, sikwenda kuomba. Alinisikiliza huku akipepeta mtama, akaniuliza swali moja: "Mchanga ni wako au unajipendelea?" Nikasema ni wangu. Akatoa dume lake, lile la kulimia, akamwita mnunuzi, akaliuza, akanipa fedha zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga. "Siyo zawadi," akasema. "Ng'ombe akitoka zizini kwangu ana njia ya kurudi."

Kwa hiyo yeyote anayedhani nilikuwa nagombania mchanga tu, hakuelewa. Nyuma ya kufuli ile kulikuwa na chai ya mwanamke, mashine ya mshindani wangu na dume la shangazi. Nikishindwa, hao wote wameliwa, na mimi ndiye niliyewala.

Jengo la baraza la ardhi na nyumba la wilaya lilikuwa na ukumbi mdogo wenye feni isiyozunguka. Mbele alikaa mwenyekiti, mwanamume mwenye miwani aliyeandika kila kitu kwa mkono wake mwenyewe, na kila upande mzee wa baraza: mmoja mwanamume wa makamo, mwingine mwanamke mwenye kilemba cha kijani. Mimi niliitwa mwombaji, mwenye nyumba akaitwa mjibu maombi. Yeye alikuja na wakili. Mimi nilikuja na suruali niliyoipiga pasi kwa mkaa na diploma yangu kwenye bahasha, japo hakuna aliyeiomba.

Wakili aliniangalia akamuuliza mwenyekiti kama mwombaji anaelewa atajiwakilisha mwenyewe. Nikasimama kabla ya mwenyekiti kujibu. Nikasema mwombaji anaelewa, mwombaji amejifunza kutengeneza mitambo iliyotengenezwa na Wajerumani kwa kusoma vitabu vyake, hatashindwa na kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mwenyekiti akasema, "Kaa chini, mwombaji." Nikakaa. Lakini niliona mwanamke wa kilemba anatabasamu.

Tatizo langu la haraka lilikuwa mvua. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa, na rundo la marudio likinyeshewa linatiririka lote kwenda mtaroni. Niliomba amri mbili: mtu yeyote asiguse mchanga mpaka kesi iishe, na mimi niruhusiwe kuingia kuufunika. Wakili alipinga hiyo ya pili. Alisema kumruhusu mwombaji kuingia ni kama kumpa kiwanja kabla ya hukumu.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi sitaki kulala humo. Nataka kutandika turubai. Kama mchanga ni wa mzee, nitakuwa nimemfunikia mali yake bure. Kuna hasara gani?"

Mwenyekiti alimtazama wakili. Wakili akamtazama mteja wake. Mzee akasema kwa sauti, "Mimi sihitaji afunike kitu changu!" Mwenyekiti akaandika, akatoa amri zote mbili. Nikanunua maturubai kwa sehemu ya dume la shangazi, nikaingia nikiwa na mtendaji wa kijiji pembeni, nikafunika, nikagandamiza kwa mawe. Mvua ya kwanza ilinyesha juma hilohilo. Nilisimama barabarani chini ya baraza la duka nikiangalia maji yanavyoruka juu ya turubai, na muuza vocha, amelowa, aliniambia, "Umefunika mali ya mtu, kaka." Nikamjibu, "Endelea kuhesabu vocha."

Kesi iliahirishwa kama kesi zinavyoahirishwa. Mara wakili ana udhuru, mara mwenyekiti yuko safarini, mara jalada halijaonekana. Kila nikirudi bila kitu walinipokea njiani kwa kelele. "Umeshinda, injinia?" Nilijibu kila mara, "Bado kidogo." Sikuwahi kupita njia ya nyuma.

Siku ya ushahidi ilipofika, nilieleza kila kitu tangu kupeana mikono. Wakili akasimama, akavuta koti lake.

"Mkataba wako uko wapi?"

"Tulipatana kwa mdomo."

"Kwa mdomo. Mtu mwenye stashahada?"

"Ndiyo. Na yeye mwenye ng'ombe wote wale alipatana kwa mdomo vilevile. Mbona mimi tu ndiye mjinga?"

Watu kwenye mabenchi wakacheka, mwenyekiti akagonga meza.

Shahidi wangu alikuwa mama wa chai. Nilimwambia mapema asije kama anaogopa, kwa sababu na yeye ni mpangaji wa mzee huyohuyo. Alinijibu kwamba akifukuzwa atauza chai barabarani, chai haihitaji ukuta. Alipanda kizimbani akiwa na khanga yake mpya, akasema aliyoyaona kwenye benchi lake, kodi ilivyotajwa, mikono ilivyopeanwa, na mzee alivyokuwa akija kuchukua fedha mwezi hadi mwezi. Wakili akamuuliza anakumbukaje mambo ya siku nyingi.

"Baba, mimi nakopesha chapati mji mzima bila kuandika," akasema. "Nisipokumbuka nitakula nini?"

Kisha mzee akapanda. Alikula kiapo, akaongozwa na wakili wake taratibu. Alisema mambo mawili. La kwanza, mpangaji huyu alilipa kodi mwanzoni tu, halafu akaacha kabisa. La pili, mchanga wote ulio kwenye kiwanja chake ni mali yake tangu siku ya kwanza, kwa sababu ardhi ni yake. Aliongea vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Hata mimi niliona yanaingia.

Ikafika zamu yangu ya kumhoji. Watu wanaodhani nilibahatisha hawakuwepo. Nilikuwa nimelifikiria swali langu nikichomelea mageti mengi, na nilijua huyu si mtu wa kunaswa kwa ujanja wa maneno. Ni mtu wa minada. Kitu asichoweza kuvumilia duniani ni kuambiwa alipendelewa pale anapoamini alipunjwa. Nikamwamkia kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, unakumbuka ule mwezi wa kiangazi ulipokuja na mkokoteni?"

"Nakumbuka."

"Ulichukua tripu moja ya marudio."

"Nilichukua."

"Ulikuwa mchanga mzuri sana ule," nikasema. "Nilikupendelea. Ulipata faida kuliko kodi ya miezi mitatu."

Wakili alikuwa anaanza kuinuka. Hakuwahi. Mzee alipiga fimbo sakafuni.

"Faida! Faida ipi? Mchanga ule ulikuwa umeoshwa mara mbili! Haukuwa na kitu! Nimeupeleka kwa mwenye mtambo akanicheka! Kodi ya mwezi mzima ananilipa mchanga uliokufa, halafu anasimama hapa kusema faida!"

Feni isiyozunguka ilikuwa kama imesimama zaidi. Wakili alikaa chini polepole, akafunga kalamu yake. Mwenyekiti aliinua macho juu ya miwani, akainamisha tena, akawa anaandika, na tulisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

Mimi nilikuwa na maswali mengine kumi. Nikasema, "Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Lakini yule mwanamke wa kilemba aliomba kuuliza. Wazee wa baraza wana haki hiyo. Alisogea mbele kidogo.

"Mzee, shikamoo. Mimi nisaidie kuelewa. Umesema mchanga wote ni wako tangu mwanzo."

"Ndiyo."

"Sasa huyu alikulipaje kodi kwa mchanga wako mwenyewe?"

Mzee akamtazama wakili wake. Wakili alikuwa anasoma dari.

"Na umesema aliacha kulipa," mwanamke wa kilemba akaendelea, kwa adabu, kama anauliza bei ya nyanya. "Hapa unasema alikulipa, ila alikulipa vibaya. Tuandike lipi?"

"Andikeni alinipunja," mzee akasema.

Na niseme wazi, kwa kuwa yapo maneno yaliyozunguka baadaye. Sikumpunja. Alichagua upande mwenyewe, akaosha mwenyewe kwenye karai, akaridhika mwenyewe. Kama alitazama karai kwa macho ya mtu wa ng'ombe, hilo si kosa langu. Hakuna mchimbaji wala mwenye karasha kati ya Rwamgasa na Geita ambaye angesimama mbele ya baraza akasema alichosema yeye. Yeye aliona kuambiwa alipata faida ni kubaya kuliko hasara ya kushindwa kesi, akapinga kwa nguvu zote.

Hukumu ilisomwa baadaye, siku ya jua kali. Mwenyekiti alisema kupangisha mwezi kwa mwezi kwa mdomo ni kupangisha. Alisema mpangaji hafungiwi geti, hupewa notisi. Alisema mjibu maombi amekiri kwa kinywa chake kwamba alipokea marudio kama kodi kutoka kwa mwombaji, na mtu halipwi kwa mali yake mwenyewe. Kwa hiyo mchanga ni wa mwombaji, na mashine ni ya mwombaji, na geti lifunguliwe. Nilisikiliza nikiwa nimesimama wima kama nilivyofundishwa kusimama.

Mzee alikuja na ufunguo mwenyewe, mbele ya mtendaji na nusu ya mji. Kufuli ilikuwa imeshika kutu kwa ile mvua, ikagoma. Alihangaika nayo, jasho linamtoka. Nikachukua mafuta ya grisi kidogo kwenye sanduku la fundi mwenzangu, nikatia, nikazungusha, ikafunguka. Nikamrudishia kufuli yake na ufunguo wake. "Ni mali yako, mzee," nikasema. Baada ya wiki alinipa notisi iliyochapwa vizuri, yenye tarehe na sahihi, na mimi niliipokea kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo niliyokuwa nataka tangu mwanzo: aniambie kwa njia ya watu. Kabla muda wa notisi haujaisha nilikuwa na kiwanja changu upande wa pili wa barabara, chenye hati ya mauziano yenye mashahidi mpaka wakakosa nafasi ya kusaini.

Malori ya mnunuzi yalipakia mchanga kwa siku kadhaa, na fedha zilipoingia sikununua koti wala sikununua soda. Nilichagua siku moja ya kulipa wote.

Nilianza alfajiri kwa mama wa chai. Aliniambia jumla aliyonayo kichwani, nikamwambia hapana, umesahau siku mbili za ugali na samaki. Tukabishana, yeye akipunguza, mimi nikipandisha, wateja wake wakitutazama kama watu waliochanganyikiwa. Nilishinda na hiyo pia. Mzee hakumfukuza, kwa taarifa yenu. Alijifunza njia ya Geita ina urefu gani.

Kwa fundi mwenzangu nilirudisha mashine ya kuchomelea ikiwa na nyaya mpya, na koili niliyoisuka upya kwa mkono. Aliiwasha, akachoma pale pale kipande cha bomba, akakitazama. "Hii sasa inachoma kuliko ile ninayotumia," akasema. Nikampa na malipo ya kuitumia. Alisita kuyapokea. "Chukua," nikamwambia. "Sitaki kesho unidai mbele ya watu." Akachukua, akacheka, akanipa mkono. Bado tunanyang'anyana wateja.

Kisha nikapanda gari kwenda kwetu. Nilishuka mnadani kwanza, nikachagua mtamba mwekundu mwenye mimba, si dume, na nikatembea naye mwenyewe mpaka Didia, vumbi linatufuata. Wazee waliokaa vibarazani walinigeukia nilipopita, kisha nikasikia mmoja anauliza yule ni mtoto wa nani.

Shangazi alikuwa anapepeta, kama kawaida yake. Aliacha ungo, akamzunguka mtamba, akamshika tumbo, akamtazama meno.

"Mimi nilikupa dume," akasema.

"Najua, shangazi."

"Huyu ni zaidi."

"Najua."

Hakusema asante, na mimi sikuingojea. Alimfungua kamba yangu akamfunga yake, akamwingiza zizini. Nikampa kamba yangu pia, maana ningefanya nayo nini? Tukakaa, akaniuliza habari za yule mzee na kufuli yake, nikamweleza yote. Nilipofika pale pa mchanga uliooshwa mara mbili alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Jua lilipoanza kushuka nikaaga. Akaingia ndani akatoka na maziwa mabichi kwenye kidumu, amekifunga vizuri.

"Nenda nayo, utakunywa njiani," akasema. "Kidumu utanirudishia siku ukija."

Nikakifungua. Nikanywa maziwa yote palepale uani, nimesimama, yeye ananitazama mkono kiunoni. Nikaenda kwenye pipa la maji, nikakisuuza kidumu, nikakigeuza kikajikung'uta, nikamrudishia mkononi.

"Wabeja, shangazi," nikamshukuru kwa Kisukuma, nikaenda zangu kusubiri gari barabarani.